Mwambie Mvua Imepita

Nyumba ile ilikuwa na Kiswahili chake. Maneno yalikuwa yaleyale ya kila mtu, ila yamefungwa mafundo ambayo mgeni hakuweza kuyafungua. Chakula kikizidi chumvi, hakuna aliyelalamika. Mtu alisema tu, "Leo bibi hana miwani," na aliyepika akaelewa, huku mgeni akitazama huku na huku akimtafuta bibi. Bibi huyo alikuwa mama yake babu, marehemu wa zamani, ambaye alikataa miwani hadi anazikwa na chumvi alikuwa akiitia kwa kubahatisha. Ahadi isiyotimia iliitwa "fundi saa," kwa sababu babu aliwahi kumpa mtu saa ya ukutani aitengeneze, akaambiwa aje kesho, na kesho hiyo haijafika mpaka leo. Na mtu akinyamaza huku uso wake unasema mengine, aliambiwa ana misumari mdomoni.

Hili la misumari lilitoka kazini. Ilikuwa nyumba ya mafundi makochi, babu, baba na mjukuu. Fundi anapokivalisha kiti kitambaa, mkono mmoja unavuta na mwingine umeshika nyundo, kwa hiyo misumari midogo hukaa mdomoni, naye huisogeza kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye midomo. Fundi mwenye misumari mdomoni haitikii salamu. Si kiburi. Akifungua mdomo atameza chuma.

Mjukuu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mtoto wa pekee. Baba yake alimwita Sindano tangu utotoni, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kupenya kila mahali, na jina likamganda. Mama yake alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Tangu hapo lugha ya nyumba ile ilibaki na wasemaji wawili tu, Sindano na baba yake, nao waliisema kutwa nzima katika karakana iliyokuwa mbele ya nyumba, kati ya mabunda ya sponji na makochi yaliyovuliwa nguo.

Jumatatu moja asubuhi Sindano alikuwa kwenye cherehani akishona foronya za mito ya kochi. Baba yake alikuwa amepiga goti nyuma ya kiti cha mwalimu mmoja mstaafu, akikaza kitambaa cha mgongoni. Nyundo ikaanguka. Sindano hakugeuka, maana nyundo huanguka. Kisha akasikia misumari ikimwagika sakafuni, mingi kwa pamoja, na hilo halikuwa la kawaida. Alipogeuka, mzee alikuwa bado amepiga goti, mdomo umekwenda upande, misumari inamdondoka pamoja na mate.

"Baba! Usimeze! Baba, usimeze!"

Alimtia vidole mdomoni akaitoa yote iliyobaki, ndipo akapiga kelele. Jirani muuza vioo alikuja mbio na gari lake dogo, wakamlaza mzee kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa binti yake.

Hospitalini waliambiwa ni kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na ulimi ulikuwa umefungwa. Daktari, msichana mdogo kwa umri kuliko Sindano, alimvuta pembeni akamweleza taratibu.

"Anakusikia, dada. Na mengi anayaelewa. Lakini akitafuta neno, halipati. Anataka kusema 'maji,' neno halipo pale alipoliacha."

"Litarudi?"

"Wengine yanawarudia. Tusubiri."

Siku tatu mzee hakutoa sauti. Siku ya nne, muuguzi akimlisha supu, alikunja uso, akasogeza kijiko kwa mkono wake mzima, akasema kwa sauti safi kabisa, "Bibi hana miwani."

Muuguzi akashtuka. "Bibi yupi tena, mzee wangu?"

Sindano alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakujua kukoma. "Supu ina chumvi nyingi," alisema.

"Sasa si aseme?"

"Ndiyo kasema, dada."

Daktari alipoambiwa hakushangaa. Maneno ambayo mtu ameyasema mara elfu, alisema, hukaa mahali pake pengine kichwani, kama wimbo, na ugonjwa huweza kuyaruka. Ndivyo ilivyokuwa. Mzee alipoteza "kikombe" na "mguu" na "shuka." Alipoteza hata jina alilompa mwanawe; alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Lakini misemo ya nyumbani ilibaki mizima. Daktari wa macho alipoahidi kuja na asionekane, mzee alikoroma, "Fundi saa." Wauguzi wakazoea. Wakipita kitandani wakamkosa Sindano, walimsubiri mlangoni. "Njoo utufasirie, mzee wako ana habari leo."

Naye alifasiri. Tena kuna siku moja au mbili alizoona fahari, na fahari hiyo aliionea haya baadaye. Alidhani hakuna neno ambalo baba yake angelitamka yeye asilijue.

Ndipo likaja lile lingine.

Alikuwa akimkunja miguu, kama mtaalamu wa viungo alivyomfundisha, mzee aliposema, "Mwambie mvua imepita."

Msemo huo aliujua vizuri. Alipokuwa mtoto, akigombezwa, alikuwa akijificha chini ya meza ya kukatia vitambaa na kununa humo. Baba yake aliinama, akachungulia, akasema, "Mvua imepita." Maana yake hasira zimekwisha, toka tule. Kwa hiyo Sindano alitabasamu akajibu kama alivyokuwa akijibu zamani: "Haya, natoka."

Mzee akatikisa kichwa. Si yeye. Akatazama mlango wa wodi. "Mwambie."

"Nimwambie nani, baba?"

"Mwambie mvua imepita."

"Mama?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu, mto ukasogea. Sindano alitaja kila jina alilolijua: jirani muuza vioo, shangazi, wateja, marafiki wa baba waliokufa na waliokuwa hai. Kila jina lilizidi kumuudhi. Mwishowe mzee aligeukia ukuta, na Sindano aliona bega moja, lile zima, linatetemeka.

Kesho yake ilikuwa hivyohivyo, na keshokutwa. Mara ishirini kwa siku. Misemo mingine yote akaiacha, akabaki na huo mmoja, akiwaambia wauguzi, wafagizi, wagonjwa wenzake. Mwambie. Mwambie. Na mtu pekee aliyebaki wa kuulizwa alikuwa shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa mzee, mkunga mstaafu, anayeishi upande wa pili wa mji katika nyumba ya vyumba viwili. Magoti yalikuwa yamemgomea, hakutoka tena nje ya uzio wake. Alipomwona Sindano mlangoni alimpima kwa macho toka juu hadi chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Ukiendelea hivi tutakuita uzi. Kaa. Anaendeleaje?"

Sindano alikaa kwenye kiti cha plastiki, akamweleza. Shangazi alisikiliza huku akikunja nguo zilizokauka, nusu ya sikio kwenye redio. Aliposikia yale maneno, mikono yake ilisimama. Alizima redio.

"Amesema hivyo?"

"Kutwa nzima. Ni nani anayetaka aambiwe?"

Shangazi alikunja gauni moja mara tatu kabla ya kujibu. "Baba yako aliwahi kukuambia kuwa alikuwa na mdogo wake?"

"Yule aliyefariki?"

"Nani kakwambia kafariki?"

Sindano alifikiri. "Alisema tu, nilikuwa na mdogo wangu. Nikajua..."

"Hakukudanganya. Alikuwa naye." Shangazi akashusha pumzi. "Mtoto yule alikuwa anaogopa radi, kitu cha kuchekesha. Ikipiga tu, yuko chini ya meza ya kazi ya baba, amejikunyata, ameziba masikio. Hatoki hata umpe nini. Ila kaka yake. Kaka yake alikuwa anainama, anamwambia, toka, mvua imepita. Uongo mtupu! Mvua bado inapiga bati, hatusikilizani. Lakini anatoka. Anamshika kaka yake mkono, anatoka."

Akaliweka gauni juu ya nguo nyingine.

"Babu yako alikufa kwa moto, hilo unalijua."

"Karakana iliungua."

"Mchana kweupe. Gundi ikishika moto haina mjadala. Tulimtoa baba, akakaa hospitali siku nne, akafa. Na mtu wa mwisho kuishika gundi siku ile alikuwa mdogo wetu. Ana miaka kumi na tisa. Basi, watu wakasema ameacha kopo wazi karibu na moto wa pasi. Kaburini, mbele ya umati, baba yako akamwambia, 'Umemuua baba.' Mtoto wa watu hakujibu neno."

"Halafu?"

"Tukarudi nyumbani alasiri, mvua ikaanza. Baba yako akaingia, akashusha komeo. Mdogo wake kabaki nje. Akagonga. Mimi nilikuwa ndani, Sindano, nimekaa karibu na mlango kama nilivyokaa na wewe hapa. Nilimsikia. Anasema, 'Kaka, nifungulie. Kaka, mvua bado inanyesha.'"

Sindano alisogeza kiti chake cha plastiki mbele.

"Na wewe hukumfungulia?"

"Nilikuwa na miaka thelathini na magoti yote mawili mazima. Nilikaa." Shangazi alimtazama usoni. "Na ngoja nikupe lililo baya zaidi, maana nimechoka nalo. Mimi ndiye niliyemuuguza baba siku zile nne. Aliniambia mwenyewe, sigara ilikuwa yake. Aliiweka pembeni ya meza, akaisahau. Akanikataza nisiseme. Aliona aibu, fundi wa miaka yote ile. Nikamwahidi."

"Kwa hiyo siku ile, mlangoni, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Sindano alisimama, akaenda dirishani, akarudi akakaa. Hakujua hasira hiyo aiweke wapi. Aliyekuwa mbele yake alikuwa bibi wa miaka sitini na minane mwenye magoti mabovu, ambaye alimpokea yeye mwenyewe duniani kwa mikono yake.

"Nilimwambia baba yako baada ya mwezi," shangazi aliendelea. "Hakunisemesha mwaka mzima. Alizunguka kumtafuta, kila mji aliosikia kuna fundi makochi kijana. Hakujua mwenzake hakugusa tena kochi. Alikuwa mpaka rangi. Mwaka wa sita akanipigia simu mimi, akaniapisha nisimpe kaka yake namba. Nami kwa kuahidi, unaniona nilivyo hodari. Baba yako naye akaacha kuuliza. Aibu ikikaa sana inakuwa kama samani ya nyumba, mtu anaizunguka tu."

"Yuko hai?"

Shangazi alinyoosha mkono ukutani, akaigeuza kalenda. Nyuma yake palikuwa na namba, zimeandikwa kwa kalamu ya risasi na kukoleshwa tena na tena zisifutike.

Sindano alipiga simu akiwa amesimama nje ya lango la shangazi. Sauti iliyopokea ilimkata pumzi. Ilikuwa sauti ya baba yake kabla ya ugonjwa, nyembamba kidogo tu.

"Naongea na baba mdogo?" aliuliza. Alikuwa hajawahi kumwita mtu hivyo.

"Wewe nani?"

Akajitambulisha. Akaeleza ugonjwa. Upande wa pili hakukuwa na pole wala swali, mpaka alipomaliza.

"Amekutuma?"

"Hawezi kumtuma mtu. Maneno yote yamempotea. Limebaki moja."

"Lipi?"

"Anasema, mwambie mvua imepita."

Alisikia kitu kama ngazi ya mbao ikiburuzwa. Kisha yule mtu akakohoa, akakohoa tena. "Nina nyumba ya watu hapa," alisema. "Koti la pili la rangi sijapiga. Siwezi kuacha kazi ya watu." Simu ikakatika.

Sindano hakupiga tena. Alirudi hospitali, akamwambia baba yake, "Nimemwambia." Mzee alimkazia macho muda mrefu, kama anayetafuta dosari kwenye mshono. Halafu akasema kwa upole, "Mwambie."

Siku ya tatu, saa za kuona wagonjwa, mtu alisimama mlangoni mwa wodi. Mrefu, kichwa cheupe, shati limepigwa pasi, kucha zina rangi ya krimu iliyokataa kutoka. Sindano hakuhitaji kuambiwa. Mtu huyo alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaja hadi kitandani akasimama.

"Kaka," alisema.

Mzee alimtazama. Sindano alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kukumbatiana, kwa lolote. Hakuwa amejiandaa kwa kile alichokiona, yaani baba yake kumtazama mgeni kwa adabu, kama anavyomtazama mteja mpya anayeingia karakanani. Miaka thelathini na minane ilikuwa imemfanya mdogo wake mzee, na yeye alikuwa akimngoja kijana wa miaka kumi na tisa. Aliinua mkono wake mzima, akamshika mgeni kiganja, akamvuta karibu kama mwenye siri.

"Mwambie mvua imepita."

Uso wa baba mdogo ulikunjamana. Alitazama upande, kwa Sindano, naye Sindano akafungua mdomo kueleza, kumwambia baba, ndiye huyu, mtazame. Baba mdogo akatikisa kichwa. Akavuta kiti, akakaa, mkono wake bado umo mkononi mwa kaka yake.

"Nitamwambia," alisema.

"Mwambie."

"Nimemwambia, kaka. Amesikia." Aliinama karibu na sikio lake. "Anasema alisikia zamani. Anasema anatoka sasa hivi."

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaachia pumzi ndefu, akafumba macho, akalala. Baba mdogo alibaki ameinama vilevile mpaka muuguzi alipokuja kusema muda umekwisha.

Tangu siku hiyo mzee hakusema tena kitu. Sindano alitaka kuamini kwamba ameridhika. Daktari, kwa uaminifu wake, alimwambia kwamba huenda ni ugonjwa tu umepiga hatua nyingine, na kwamba hakuna kipimo cha kutenganisha hayo mawili. Baba mdogo alikuja kila siku, akamnyoa ndevu, akampaka mafuta miguu, akampigia hadithi za nyumba alizopaka rangi. Siku ya sita, alfajiri ikipambazuka, mzee alikata roho. Walikuwepo wote wawili, mmoja kila upande.

Msiba uliwekwa nyumbani. Shangazi alibebwa kwenye kiti chake hadi sebuleni, yeye na mdogo wake wakaonana. Waliangaliana, wakaulizana habari za magoti. Walikuwa watu wa nyumba moja kwelikweli. Yote yaliyobaki waliyaweka mdomoni. Siku iliyofuata shangazi alimwita mdogo wake chumbani, mlango ukarudishwa, na Sindano akasikia sauti ya kikongwe ikieleza kwa muda mrefu habari ya ile sigara, kisha sauti ya mwanamume mzima akilia. Aliondoka hapo mlangoni. Hayo hayakuwa yake.

Baba mdogo alikuwa amefuatwa na binti yake, mwanamke mchangamfu ambaye wote walimwita Mama Pacha, pamoja na mapacha wake wa kike wa miaka sita. Kwa Sindano hao walikuwa ndugu wa damu walioshuka kutoka mbinguni. Mama Pacha alijifunga kanga kiunoni akashika jiko kama la kwake. Siku ya pili akionja mchuzi alikunja uso akasema, "Mh! Bibi kavua miwani," na Sindano nusura adondoshe sufuria.

"Umesema nini?"

"Si chumvi hii! Kwetu tunasema hivyo. Usiniulize kwa nini."

Sindano alimweleza kwa nini. Walisimama pale, mvuke wa sufuria usoni, wanacheka na kulia, wawili ambao hawakujuana juma moja lililopita. Wakaanza kutafutana: hili mnalo? Na hili? Mengine yalikuwa yamebadilika sura njiani, mengine yalikuwa yamekufa upande mmoja. Fundi saa, kwa kina Mama Pacha, alikuwa amegeuka fundi bomba. Sindano alijiona tajiri. Alikuwa amedhani amebaki msemaji wa mwisho.

Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa akisuuza vikombe uani. Pacha mmoja alijifungia stoo, na mwenzake akawa anagonga mlango kwa viganja, analia. Wanawake wawili watatu walikuwa wamekaa hapo wakimenya vitunguu. Baba mdogo alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akifunga kamba za viatu.

Mama Pacha alitoka jikoni. "Wewe! Mfungulie mwenzako! Usimfanyie kaka!"

Mlango ukafunguliwa, mtoto akatoka amevimbisha mashavu. Sindano akauliza kwa furaha ya mtu aliyeokota kingine kipya, "Na hilo? Kumfanyia mtu kaka ni nini?"

"Ah, la kwetu tu. Mtu akimfungia mwenzake mlango, au akimnunia, hamsemeshi, hamsamehi, ndiyo kamfanyia kaka. 'Usinifanyie kaka, bwana, nisamehe.' Hata mume wangu siku hizi analisema. Baba ndiye..."

Macho yake yalikutana na ya baba yake, maneno yakamkatikia. Visu vya vitunguu vilisimama. Sindano aliendelea kusuuza kikombe kilekile, maji yanatiririka.

Kwa hiyo huko ndiko baba yake alikoishi miaka yote hii. Mtu aliyetengeneza viti vya wajane bila kuwadai haraka, aliyekuwa hawezi kupita kando ya mtoto anayelia, katika nyumba nyingine alikuwa ni neno. Watoto waliokuwa hawajawahi kumwona walitishwa naye. Na neno hilo lilikuwa zuri, hilo ndilo lililomuuma. Lilikuwa fupi, linakaa mdomoni, la aina ambayo haifi.

Baba mdogo alimfuata bombani. "Mwanangu," alisema, "nisamehe. Nililisema mara moja nikiwa na hasira, watoto wakiwa wadogo. Wakalishika. Wakalicheka. Nikaona nikiwakataza itabidi niwaeleze."

"Hawajui?"

"Wanajua leo."

Mama Pacha naye alikuja, amejifuta macho na upindo wa kanga. "Dada, wallahi sitalisema tena. Na wale nitawakataza."

Sindano alifunga bomba. Alitaka kusema ndiyo, wakataze, lifutwe kabisa. Alimfikiria baba yake, si yule wa kitandani, bali kijana wa miaka ishirini na minne mwenye majivu ya karakana kwenye nguo, mkono kwenye komeo, anasikia anaitwa.

"Waache," alisema. "Aliufunga mlango kweli." Kisha akaongeza, "Ila wakikua, wasimulieni na mengine. Waambieni alizunguka kumtafuta babu yao. Waambieni alivyokuwa anamtoa chini ya meza."

"Nitawaambia mimi," alisema baba mdogo.

Siku ya kuondoka alimwomba Sindano amwonyeshe karakana. Alifika hadi mlangoni. Ndani kulikuwa na kiti cha mwalimu mstaafu, mgongo wazi, kitambaa kinaning'inia kilipoachwa, na harufu ya gundi. Baba mdogo alishika fremu ya mlango. Aliinua mguu mmoja, akaurudisha chini.

"Siwezi, mwanangu. Labda siku nyingine."

"Hakuna haraka, baba mdogo."

Aliwasindikiza hadi kituoni. Mapacha walimpungia mikono kupitia kioo cha nyuma hadi gari likakata kona. Aliporudi alivaa aproni, akapiga goti nyuma ya kile kiti, akakimaliza, kwa sababu mwalimu alikuwa amesubiri vya kutosha na mgongo wake ulikuwa unamuuma. Ilimchukua mpaka jua likaanza kushuka. Akafagia vipande vya sponji, akakusanya mikasi, akafunika cherehani.

Kila siku wakati wa kufunga, baba yake alikuwa akisimama mlangoni na kufuli mkononi, akauliza, "Tumebakiza?" Naye Sindano, popote alipokuwa, hata awe amechoka vipi, alijibu, "Cha kesho." Ndipo mlango ukafungwa. Hakujua nani alianzisha hayo, wala lini.

Alisimama na kufuli mkononi. Jibu alikuwa nalo, liko tayari kinywani. Akasubiri kidogo, kisha akajaribu kuuliza mwenyewe, kwa sauti, lakini swali lilikuwa la mtu mwingine na halikumkaa. Akavuta mlango, akafunga, akaingia ndani kubandika chai.